Ondoa Maana Yake ni Ondoa

Leo nimekuja kukiri kosa, halafu nigombane kidogo na watu wa kazi yangu. Tuanze na kosa.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika kijiprogramu cha kuweka hesabu za chama, yaani kikundi cha watu wanaochanga pesa kila mwezi na kukopeshana. Kilihifadhi majina ya wanachama, nambari za vitambulisho, nambari za simu, michango, mikopo, na orodha ya waliochelewa kulipa, kwa rangi nyekundu. Mweka hazina alikitumia nyumbani kwake kwenye tarakilishi ya Windows. Chama kilipohamia mfumo mwingine, mama huyo aliiondoa programu yangu kwa njia ile ile niliyomfundisha mwenyewe: akafungua orodha ya programu, akabofya jina, akabofya Uninstall, akangoja mpaka akaona ujumbe kwamba kazi imekamilika. Baadaye akaiuza mashine kwa fundi mmoja mjini ili aongezee pesa za laptopu.

Fundi alikuwa anatafuta nafasi kwenye diski alipokutana na folda yenye jina la chama. Bahati yetu alikuwa mtu mwaminifu. Akampigia mama simu, na mama akanipigia mimi.

"Mwanangu, si uliniambia nikibofya pale inatoka yote?"

"Programu ilitoka, mama. Zilizobaki ni kumbukumbu tu."

"Sasa mimi shida yangu ilikuwa programu, ama ni watu kusoma madeni yetu?"

Sikuwa na jibu. Nilipanda matatu siku hiyo hiyo, nikaenda kwa fundi, nikafuta ile folda mwenyewe na kuisafisha diski nzima. Lakini swali la mama limenikaa kichwani hadi leo, na ndilo limenifanya niandike haya.

Kwanza kuna jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui: kwa kawaida Windows haiondoi programu. Ile orodha unayoiona ni orodha tu. Programu inaposakinishwa, huandika jina lake kwenye rejista ya Windows, mahali panapoitwa Uninstall, na kando ya jina huandika amri moja: ukitaka kuniondoa, endesha hii. Wewe ukibofya, Windows inaendesha amri hiyo, basi. Kinachoendeshwa ni kijiprogramu kilicholetwa na mtengenezaji yule yule. Nitakiita kiondoaji. Kitafuta nini na kitaacha nini ni shauri la aliyekiandika. Ni kama kumwambia mpangaji anayehama ajikagulie nyumba mwenyewe, kisha ajiandikie karatasi kwamba ameiacha safi.

Zipo programu zinazopitia Windows Installer, mfumo uliokuja mwaka 1999 pamoja na Office 2000. Huo una daftari la kila faili iliyoletwa na programu, na siku ya kuondoka unalifuata daftari. Ni hatua nzuri. Tatizo ni kwamba daftari lina faili zilizokuja siku ya kusakinisha. Faili zinazozaliwa baadaye, unapoitumia programu, hazimo. Na hizo ndizo zenye siri zako. Faili ya madeni ya chama haikuwamo kwenye kifurushi changu. Ilizaliwa siku mama alipomwandikisha mwanachama wa kwanza. Kiondoaji changu hakikuijua kwa sababu mimi sikukiambia.

Nitawatetea wenzangu kidogo kabla sijawasuta. Uoga wetu una sababu. Mwishoni mwa 1998 kampuni ya Bungie ililazimika kurudisha nakala za mchezo wake Myth II: Soulblighter. Kiondoaji chake kilikuwa kinafuta folda nzima ambamo mchezo ulisakinishwa, bila kuuliza. Ukiwa umeusakinisha ndani ya folda yake, hakuna neno. Lakini mtu akiusakinisha moja kwa moja kwenye mzizi wa diski, siku ya kuuondoa anafuta kila kitu kwenye diski hiyo. Mwandishi wa programu akisikia kisa kama hicho hujifunza somo moja: ukiwa na shaka, acha.

Halafu kuna faili za ushirika. Zamani programu nyingi ziliweka maktaba zao, zile faili za DLL, kwenye folda moja ya Windows, na programu tatu zikatumia faili moja. Ukiondoa ya kwanza pamoja na faili hiyo, mbili zilizobaki zinakufa. Ndiyo asili ya lile swali lililowatoa watu jasho enzi za Windows 95 na 98: faili hii haionekani kutumiwa na programu nyingine, je, uifute? Nani alijua? Kila mtu alibofya "hapana" na kuendelea na maisha.

Sababu ya tatu ndiyo iliyoniponza. Watu wengi huondoa programu ili waisakinishe upya, si kwa sababu wamechoka nayo. Imegoma, wanaitoa, wanairudisha. Mtu wa namna hiyo akikuta hesabu zake za miaka mitatu zimefutwa, utajuta kuzaliwa. Kwa hiyo tunaacha data. Hoja hiyo naikubali mpaka leo. Kosa langu lilikuwa kutomuuliza mama wala kumwambia kwamba nimeacha kitu na nimekiacha wapi.

Huo ni uzembe. Kuna programu nyingine ambazo kubaki kwake kulipangwa.

Mwaka 2005 Sony BMG iliuza CD za muziki ambazo ukizitia kwenye tarakilishi ya Windows zilisakinisha programu ya kuzuia kunakili. Programu hiyo ilijificha: faili yoyote ambayo jina lake lilianza na $sys$ haikuonekana kabisa. Mark Russinovich aliifichua tarehe 31 Oktoba 2005. Aliyejaribu kuitoa kwa mkono angeweza kupoteza matumizi ya kiendeshi chake cha CD. Kampuni ilipotoa njia ya kuiondoa kupitia kivinjari, watafiti wa Princeton, Ed Felten na Alex Halderman, waligundua kwamba njia hiyo inaacha kijisehemu kinachoruhusu tovuti yoyote kuendesha programu kwenye mashine yako. Yaani dawa ilifungua mlango mkubwa kuliko ugonjwa. CD zilirudishwa, kesi zikafuata.

Usidhani hayo yaliisha na CD. Julai 2019 mtafiti Jonathan Leitschuh alionyesha kwamba Zoom kwenye Mac ilikuwa inasakinisha seva ndogo ya siri. Ukiiondoa Zoom, seva inabaki. Ukibofya kiungo cha mkutano baadaye, seva hiyo inakurudishia Zoom bila kukuuliza. Apple ililazimika kutuma sasisho la kimyakimya kuing'oa seva hiyo kwenye mashine za watu, na Zoom nayo ikaacha mtindo huo. Fikiria vizuri: umemwonyesha mgeni mlango, ametoka, kumbe amemwacha ndugu yake chini ya kitanda, na kazi ya ndugu ni kumfungulia mgeni akirudi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Watu wanaotaka tarakilishi safi hutafuta kitu ambacho si chenyewe. Wanatafuta masalia, kila kipande chenye jina la programu iliyoondoka, na wanataka yote yaishe. Mpangaji aliyehama akiacha kikombe kilichopasuka kabatini, hakuna hasara. Akihama na nakala ya ufunguo mfukoni, una shida. Akiacha barua zako za benki mezani ambapo mpangaji mpya atazisoma, una shida nyingine. Tafuta ufunguo na barua. Kikombe kiache.

Vikombe ni vingi kwenye rejista. Rejista ya Windows ina maelfu kwa maelfu ya vifungu, na programu iliyoondoka huacha kadhaa humo. Kuna biashara nzima ya programu zinazodai kukusafishia rejista: zinakuonyesha "makosa 1,243" kwa herufi nyekundu, kisha zinakuuliza kadi ya benki. Mimi nakwambia usizitumie. Kifungu kilichokufa hakiendeshi chochote. Windows haiisomi rejista yote kila unapobofya, husoma inachokitafuta. Kufuta vifungu 1,000 hakutakupa kasi utakayoihisi, lakini kufuta kimoja kisicho chake kunaweza kukunyima usingizi. Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba hawaungi mkono matumizi ya programu hizo.

Nao wasafishaji ni wageni vilevile. Septemba 2017 ilitangazwa kwamba toleo la 5.33 la CCleaner, lililopakuliwa kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, lilikuwa limetiwa programu hasidi na wavamizi. Watumiaji wapatao milioni 2.27 walikuwa wameshalisakinisha. Watu walileta ufagio nyumbani, na ndani ya ufagio mlikuwa na nyoka.

Basi mimi hufanya nini? Utaratibu wangu ndio huu, na nimeutumia kwenye mashine nyingi za jamaa na majirani.

1. Tengeneza nafasi ya kurudi nyuma. Washa System Restore na uunde kituo cha kurejea. Ni dakika mbili.

2. Tumia kiondoaji cha mtengenezaji kwanza, kisha zima na uwashe mashine. Usiruke hatua ya kuzima. Faili inayotumika haifutiki papo hapo. Windows huiandika kwenye orodha ya kufutwa mashine itakapowaka tena. Wengi wanaolalamika kwamba programu imekataa kutoka hawajawasha upya.

3. Kama ni programu ya kuzuia virusi, usiishie hapo. Programu hizo huweka draiva ndani kabisa ya mfumo, zikikagua kila faili na kila pakiti ya mtandao. Watengenezaji wakubwa hutoa zana zao maalumu za kuziondoa, na hizo ndizo za kutumia. Usifute draiva kwa mkono kama hujui unachokifanya. Unaweza kubaki na mashine isiyopata mtandao, au isiyowaka kabisa.

4. Tafuta ufunguo, yaani chochote ambacho bado kinaendeshwa. Pakua Autoruns kutoka tovuti ya Microsoft. Ni ya bure, na iliandikwa na Russinovich huyo huyo pamoja na Bryce Cogswell. Inakuonyesha kila kinachojianzisha: huduma, kazi zilizopangwa kwa saa, draiva, vijisehemu vya kivinjari. Ficha vya Microsoft ili usichanganyikiwe. Vile vya rangi ya njano ni vile ambavyo faili yake haipo tena, hivyo ni vikombe tu. Vya kukutia wasiwasi ni vile vya programu uliyoiondoa ambavyo faili yake bado ipo. Usivifute mara moja. Ondoa alama ya tiki, washa upya, kaa wiki moja. Kama hakuna kilicholia, futa.

5. Tafuta barua. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %AppData%, kisha Enter. Rudia kwa %LocalAppData% na %ProgramData%. Halafu angalia Documents. Tafuta folda zenye jina la programu au la kampuni yake. Fungua utazame kabla ya kufuta, maana unaweza kukuta kazi yako mwenyewe humo. Faili ya chama ilikuwa ProgramData, folda ambayo kwa kawaida Windows huificha. Mama asingeiona hata angetaka.

6. Usiguse C:\Windows\Installer, hata ukiona imejaa gigabaiti. Humo ndimo lile daftari la Windows Installer hutunza vifurushi vya kuondolea. Nimeona watu wakiifuta ili wapate nafasi, kisha wanashangaa kwa nini programu zao hazitaki kusasishwa wala kuondoka.

7. Pita kwenye kivinjari. Angalia viendelezi, ukurasa wa kwanza, na ruhusa za kukutumia arifa. Vingine huja na programu na havitoki nayo.

8. Kumbuka akaunti. Kuondoa programu kwenye mashine hakufuti akaunti yako kwa kampuni, wala hakusimamishi malipo ya kila mwezi. Ingia kwenye tovuti yao uifunge huko.

9. Kama unaiuza mashine, sahau yote hayo. Kufuta faili hakufuti maandishi yake; kunaiambia diski kwamba nafasi ile iko wazi, na mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake mtu anaweza kuyarudisha kwa programu ya bure. Toa nakala ya vitu vyako, kisha tumia Reset this PC, chagua kuondoa kila kitu, na uwashe chaguo la kusafisha data. Itachukua saa nyingi. Wacha ichukue.

Jirani mmoja aliniuliza kama kuhamia Linux kungemwondolea usumbufu wote huu. Hapana, si wote. Lakini kuna jambo moja la Linux ninalolipenda, na ndilo kiini cha ugomvi wangu. Kwenye Debian na Ubuntu kuna amri mbili. Ukiandika apt remove, programu inatoka na mipangilio yake ya mfumo inabaki. Ukiandika apt purge, mipangilio hiyo nayo inatoka. Zote mbili haziingii kwenye folda yako ya nyumbani, kwa sababu hiyo ni mali yako na unajua mwenyewe utaifanyia nini. Unaweza kukubaliana na mpaka huo au kuukataa, lakini umechorwa na unaonekana. Waliouweka walielewa kwamba "nenda, huenda ukarudi" na "nenda, usirudi" ni kauli mbili tofauti, na kila moja inahitaji neno lake.

Simu ya Android unayosomea haya imelipeleka jambo mbali zaidi. Kila programu hupewa chumba chake, na kwa kawaida ukiiondoa, chumba kinavunjwa pamoja na vilivyomo. Picha ilizoweka kwenye hifadhi ya pamoja zitabaki, lakini data zake za ndani zimekwenda. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kazi hii haiwezekani. Mifumo iliyotaka kuifanya imeifanya.

Sasa wenzangu watengenezaji, hasa sisi wadogo tunaowaandikia vyama, shule, maduka ya dawa na zahanati. Programu zetu ndizo zinazobeba siri za watu wa mtaani. Tunamaliza wiki tukipamba skrini ya kuingilia, halafu kiondoaji tunakiacha kwa zana ya kufungasha, na hatukifungui hata mara moja kukijaribu. Naelewa kwa nini: hakuna mteja anayelipa kwa sababu ya kiondoaji kizuri, na anayeondoka hatupigii makofi. Lakini Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na sheria hiyo inampa mtu haki ya kutaka data zake zisizo na sababu ya kuendelea kuwekwa zifutwe. Je, mweka hazina ataitimizaje haki ya wanachama wake kama programu tuliyompa inaficha data mahali asipopaona?

Ninachoomba si kikubwa. Kiondoaji kiulize swali moja kwa lugha ambayo mtumiaji anaielewa: ubakize kumbukumbu zako, au zifutwe nazo? Asipojibu, zibaki, kwa sababu kosa la kuacha linarekebishika na kosa la kufuta halirekebishiki. Kikimaliza, kionyeshe anwani kamili ya folda iliyobaki. Huduma na kazi za saa zitoke zote bila majadiliano, kwa kuwa programu iliyoondolewa haina biashara ya kujiwasha.

Nilikifungua tena kijiprogramu changu cha chama baada ya simu ile, nikakiongezea swali hilo. Ilinichukua jioni moja. Jioni moja tu, na ningeweza kuifanya kabla majina ya wanachama na madeni yao hayajakaa kwenye diski ya mtu wasiyemjua.

Mama bado tunasalimiana vizuri. Aliponunua ile laptopu aliniita nimsakinishie programu mbili tatu. Nilipomaliza akaniuliza, kabla hata hajaniletea chai: "Na hizi nazo zinatoka vipi?"

Kila mtu angeuliza hivyo siku ya kusakinisha, tusingefika huku. Wewe nawe uliza.